Claudia Jones: Alifukuzwa nchini, sikukuu akaenda nayo

MWISHONI mwa mwaka wa masomo uliopita, hapa Kibenga, tulikaa kikao cha walimu na wazazi kuandaa sherehe ya kufunga shule. Watoto wa darasa langu, ambao karibu nusu yao ni wa familia zilizorejea kutoka Tanzania, walikuwa wameandaa igizo la mavazi. Mmoja alijifunga gunia na kujiwekea pembe za maboksi. Mwingine alivaa koti la babu yake lenye vifungo vinavyong'aa akajifanya bwana mkubwa. Wa tatu alikuja na joho lililoungwa kwa vipande vya vitenge alivyopewa na mama yake, mama ambaye kila wiki huvuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu na Kigoma kutafuta riziki.

Mjumbe mmoja wa kikao alisimama na kusema kwamba mambo hayo si ya kwetu, ni ya kambini, na kwamba sherehe ya Burundi inatosha kuwa na ngoma zake za asili. Wengi waliitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilizaliwa Mishamo, nikasomea huko kwa Kiswahili, na hadi leo, zaidi ya miaka kumi na tano tangu nirudi, Kifaransa changu kinachechemea. Mtu wa namna yangu akisimama kutetea jambo la kambini, anajulikana mara moja anatoka wapi.

Nilipofika nyumbani nilimkumbuka mwanamke mmoja ambaye kama angekuwamo katika kikao kile asingenyamaza. Jina lake ni Claudia Jones. Alizaliwa mbali na ziwa letu, na amefariki zamani. Lakini maisha yake, ndugu msomaji, yanatuhusu sisi tuliohunguka na wale wanaoishi kwa kuvuka mipaka, pengine kuliko tunavyodhani.

Mtoto wa Belmont

Claudia alizaliwa Februari 21, 1915, katika mtaa wa Belmont, mjini Port of Spain, kisiwani Trinidad, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Uingereza katika bahari ya Karibi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Claudia Vera Cumberbatch. Belmont ulikuwa mtaa ambao watu wengi walioachiwa huru kutoka utumwani, wakiwamo waliotoka moja kwa moja Afrika Magharibi, walijenga makazi yao.

Kisiwa hicho kina sikukuu kubwa iitwayo kanivali, inayofanyika Jumatatu na Jumanne kabla ya Wakristo kuanza mfungo wa Kwaresima. Walioileta ni mabwana wa mashamba wenye asili ya Kifaransa, waliohamia Trinidad kwa wingi baada ya mwaka 1783. Wao walicheza dansi ndani ya majumba wakiwa wamevaa barakoa, na watumwa wao hawakualikwa. Utumwa ulipokomeshwa, na watu wakawa huru kabisa Agosti 1, 1838, waliokuwa watumwa waliichukua sikukuu hiyo wakaitoa nje, wakaijaza mienge, ngoma na fimbo. Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Mwaka 1881 polisi chini ya Kapteni Baker walipambana na wachezaji mitaani, na mwaka 1884 zikawekwa sheria za kubana mienge na ngoma. Lakini sikukuu haikufa.

Kinachonivutia mimi zaidi ni wahusika wake. Katika kanivali ya jadi mtu hakuvaa tu nguo ya kupendeza, bali aliingia ndani ya mtu mwingine, na kila mhusika alikuwa na mavazi yake, mwendo wake na maneno yake.

Yupo Moko Jumbie, anayetembea juu ya miti mirefu hadi kichwa chake kinafika madirishani kwa watu. Wenyeji husimulia kuwa alitoka Afrika akaivuka bahari kwa miguu, ndiyo maana miguu yake ni mirefu. Yupo Jab Molassie, shetani aliyejipaka mwili mzima molasi, ule uji mweusi unaobaki miwa ikishatengenezwa sukari, mwenye pembe na minyororo, akifuatana na wapiga madebe. Anayemwona hahitaji kuelezwa kwamba huo ni ukumbusho wa mashamba ya miwa. Anawatisha watu kwa kugusa nguo zao safi, na anayetaka kupona anatoa senti.

Yupo Dame Lorraine, anayewaigiza wake wa mabwana wa mashamba kwa gauni refu lililojazwa matambara kifuani na makalioni, akijipepea kwa madaha. Yupo Midnight Robber, jambazi wa usiku wa manane, mwenye kofia pana kama mwavuli, joho na filimbi, ambaye humsimamisha mpita njia na kumtolea majigambo marefu ya kutisha mpaka apewe fedha.

Na yupo Pierrot Grenade, ambaye kwa mwalimu kama mimi ndiye kiboko ya wote. Huyu ni mjinga anayejifanya msomi. Vazi lake ni vipande vya nguo vya rangi nyingi vilivyoshonewa pamoja, na kazi yake ni kutamba kwamba hakuna neno lisiloandikika kwake. Ukimpa neno refu, analikata silabi kwa silabi na kila silabi anaitungia hadithi, akiwasema wakubwa wa mji humo humo. Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilicheka, kisha nikamkumbuka yule mtoto wangu wa joho la vitenge.

Msomaji wa pwani atasema mambo haya si mageni, na ni kweli. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa Lamu na Mombasa, na baadaye Tanga na Dar es Salaam, walicheza ngoma ya beni wakiwa na sare zilizofanana na za wanajeshi na mabaharia wa Kizungu, huku wakipeana vyeo vikubwa vikubwa. Marini na Arinoti walishindana kwa mavazi na kwa nyimbo, na Vita Kuu ya Kwanza ikaieneza ngoma hiyo bara pamoja na askari na wapagazi. Mnyonge kulivaa koti la bwana wake na kulichezea ni jambo lililowahi kufanyika pande zote mbili za bahari.

Cherehani ya New York

Claudia hakukaa Belmont muda mrefu. Bei ya kakao ilianguka, maisha ya Trinidad yakawa magumu, na mwaka 1922 wazazi wake walikwenda New York, Marekani. Mwaka 1924, akiwa na umri wa karibu miaka tisa, yeye na dada zake waliwafuata. Walikaa Harlem, mtaa wa watu weusi.

Huko hapakuwa na neema waliyoitarajia. Mama yake alifanya kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo, na alifariki kwa ugonjwa Claudia akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Baba alihangaika na vibarua. Nyumba yao ilikuwa na unyevu, na mwaka 1932 Claudia alipata kifua kikuu akalazwa karibu mwaka mzima. Mapafu na moyo wake havikuwa na nguvu tena maisha yake yote. Alikuwa mwanafunzi hodari, lakini ilipofika siku ya mahafali familia haikuweza kugharimia vazi la sherehe. Mtoto wa mshona nguo alikosa nguo ya kuvaa siku yake ya furaha. Wazazi wenzangu waliowahi kuuza debe la mahindi ili mtoto apate sare wanaelewa.

Baada ya shule alifanya kazi katika dobi, kiwandani na katika duka la kofia. Mwaka 1936 alijiunga na vijana wa chama cha Kikomunisti, akivutwa na jinsi chama hicho kilivyowatetea vijana tisa weusi wa Scottsboro, jimbo la Alabama, walioshitakiwa kwa uongo kuwa wamebaka wanawake wa Kizungu. Hapo ndipo alipoanza kutumia jina la Jones. Alikuwa mwandishi na mhariri katika magazeti ya chama, na mwaka 1949 aliandika makala yaliyopata umaarufu, akieleza kwamba mwanamke mweusi anaonewa mara tatu: kwa kuwa ni mweusi, kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa ni mfanyakazi.

Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na siasa za Ukomunisti. Lakini itakumbukwa kuwa miaka ile Marekani ilikuwa imeshikwa na hofu kubwa ya Wakomunisti, na Claudia, aliyekulia huko tangu utotoni, aliomba uraia akanyimwa. Mwaka 1948 alikamatwa kwa lengo la kumfukuza nchini. Akakamatwa tena mwaka 1951, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, na mwaka 1955 alikitumikia katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia, huku akiugua moyo.

Nchi mbili zamkataa

Alipotoka gerezani Oktoba 1955, Marekani haikutaka kumwona tena. Pa kumpeleka pakawa tatizo. Trinidad alikozaliwa haikumtaka, kwa kuwa gavana wa kikoloni aliona ataleta fujo. Hatimaye Uingereza ilimpokea, kwa vile mzaliwa wa koloni alihesabiwa raia wa Dola yake. Desemba 1955 alipanda meli akiwa na umri wa miaka 40, akiacha baba, dada zake, marafiki na zaidi ya miaka 30 ya maisha yake.

Hapa naomba msomaji aliyewahi kupanga mstari akisubiri kuitwa jina lake atulie kidogo. Sisi wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu tunajua maana ya kuulizwa wewe ni wa wapi na kukosa jibu la haraka. Wenzetu zaidi ya 160,000 walichukua uraia wa Tanzania. Sisi wengine tulirudi, tukakuta mashamba yana watu na lugha ya shule ni nyingine. Huko tulikuwa Warundi, na tulipofika hapa tukawa Watanzania. Claudia alikuwa mgeni Marekani na hatakiwi alikozaliwa, na London alikofika hakuwa anamjua karibu mtu yeyote.

London ya wakati huo ilikuwa imeanza kupokea watu wengi wa visiwa vya Karibi, hasa tangu meli ya Windrush ilipotia nanga mwaka 1948. Walihitajika hospitalini, kwenye mabasi na kwenye reli. Lakini walipotafuta vyumba vya kupanga walikuta milango imefungwa, na vibao vikiwaambia wazi kuwa watu weusi hawatakiwi. Machi 1958, katika mtaa wa Brixton, ghorofani juu ya duka la kinyozi, Claudia alianzisha gazeti la West Indian Gazette. Fedha ilikuwa shida siku zote, lakini gazeti lilitoka.

Usiku wa Januari 30, 1959

Mwishoni mwa Agosti 1958, katika mtaa wa Notting Hill, London, makundi ya vijana wa Kizungu yalianza kuwashambulia watu weusi na nyumba zao. Fujo ziliendelea siku kadhaa mpaka mwanzoni mwa Septemba. Mji wa Nottingham nao ulikuwa umekumbwa na ghasia kama hizo siku chache kabla. Watu walijifungia ndani kwa hofu, na wengine waliwaza kurudi kwao.

Claudia na wenzake walikaa kutafakari la kufanya. Wangeweza kutoa tamko, na matamko aliyajua sana. Badala yake wazo lililoshinda lilikuwa la kuleta kanivali. Waliamini kwamba mtu anayedharauliwa kila siku barabarani anahitaji kukumbushwa kuwa ametoka kwa watu wenye sanaa yao, na kwamba jirani anayemwogopa anahitaji kumwona akiwa katika fahari yake.

Tatizo lilikuwa majira. Kanivali ya Trinidad huchezwa kwenye jua, nayo London mwezi Januari ni baridi kali na giza la mapema. Basi sikukuu iliyotolewa nje na waliokuwa watumwa ikabidi irudishwe ndani. Januari 30, 1959, katika ukumbi wa mji wa St Pancras, ilifanyika kanivali ya kwanza ya Wakaribi mjini London. Mwongozaji alikuwa Edric Connor, mwigizaji na mwimbaji mzaliwa wa Trinidad. Palikuwa na wacheza dansi wa Boscoe Holder, nyimbo za kalipso za Mighty Terror, ngoma za chuma ambazo watu wa Trinidad walizibuni kwa kufua mapipa, na mashindano ya mavazi na ya malkia wa kanivali. Shirika la BBC lilionyesha tamasha hilo kwenye televisheni. Sehemu ya mapato ilikusudiwa kuwalipia faini vijana walioadhibiwa kutokana na zile fujo, weusi kwa weupe.

Ukweli usemwe: ukumbini hakukuwa na nafasi ya mambo yote ya mtaani. Mashindano ya malkia si kitu kimoja na Jab Molassie aliyejipaka molasi akimkimbiza bwana mwenye suti nyeupe. Baadhi ya ukali wa sikukuu ya jadi ulibaki nyuma. Lakini mtu aliyeacha nyumba yake usiku hachagui kila kitu cha kubeba. Anachukua anachoweza na kuanza nacho upya.

Kanivali hiyo ilirudiwa kila mwaka katika kumbi mbalimbali za London mpaka mwaka 1964. Claudia aliendelea na gazeti, akapinga sheria ya mwaka 1962 ya kuzuia wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola, akasafiri hadi Urusi, Japani na China. Moyo wake haukustahimili. Alifariki usiku wa kuamkia Krismasi, Desemba 24, 1964, peke yake katika makazi yake, akiwa na umri wa miaka 49. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, upande wa kushoto wa kaburi la Karl Marx. Gazeti lake lilidumu miezi michache tu baada yake.

Sikukuu yatoka nje

Hakuiona kanivali ikitoka barabarani. Mwaka 1966 mwanamama mwingine, Rhaune Laslett, aliandaa sherehe ya watoto na majirani wa Notting Hill, na wapiga ngoma za chuma wakiongozwa na Russell Henderson wakaanza kutembea mitaani huku watu wakiwafuata. Ndipo ilipoanza kanivali ya barabarani katika mtaa ule ule ambao miaka minane kabla watu weusi walikuwa wakikimbizwa. Wapo wanaobishana nani hasa aitwe mwanzilishi. Kwa maoni yangu hakuna haja ya ugomvi. Mmoja aliitunza mbegu ndani wakati wa baridi, mwingine akaipanda nje.

Leo hii kanivali ya Notting Hill, inayofanyika mwishoni mwa Agosti, huvuta watu wapatao milioni moja au zaidi kwa siku mbili. Mwaka 2008 posta ya Uingereza ilitoa stempu yenye sura ya Claudia Jones. Mwanamke aliyehangaishwa na vibali na mihuri sasa sura yake ikawa ndiyo inayosafirisha barua.

Narudi Kibenga. Sisemi watoto wa Burundi waache ngoma zao wakacheze za Trinidad. Ngoma zetu zina heshima yake, na hata Mishamo wazee wetu walichonga za kwao na kutufundisha kuzipiga, wakati ambapo wengi tulikuwa hatujaiona Burundi kwa macho. Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kama ngoma ya Burundi iliweza kukaa Mishamo miaka zaidi ya 30 bila kufa, kwa nini joho la vipande vya vitenge lililoshonwa na mtoto wa Mishamo liambiwe halina nafasi Burundi?

Yule mtoto hajui habari za Pierrot Grenade. Amejitungia mwenyewe. Ameshona pamoja vipande vya Kigoma, vya Buyenzi na vya Uvira, kwa sababu ndivyo vilivyobaki kwenye mzigo wa mama yake. Ukilitazama joho lile unaona safari yote ya familia yao.

Kikao kitakaa tena kabla ya sherehe ijayo. Safari hii nitasimama, na nitazungumza kwa lugha niliyosomeshwa nayo, anayetaka kucheka acheke. Nitaomba ngoma zitangulie kama ilivyo desturi, kisha watoto wapewe dakika kumi wapite mbele ya wazazi wakiwa na pembe zao za maboksi, koti la babu na joho la vitenge. Wazazi wafanyabiashara nawaomba jambo moja tu: vipande vinavyobaki mezani kwa fundi msivitupe. Vileteni shuleni.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mkazi wa Kibenga, Bujumbura.